Fimbo ya mbali na kompyuta ya dukani

Mwaka 2024 Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, liliwataka wateja wote wa LUKU kuhuisha mita zao kabla ya tarehe 24 Novemba. Mteja aliyenunua umeme katika zoezi hilo alipokea makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya kundi moja alilolizoea, na ilimlazimu kuyaingiza yote kwenye mita, moja baada ya jingine. Jambo hilo halikuwa la Tanzania peke yake. Liligusa mita za aina hiyo duniani kote.

Mfanyabiashara aliyeko Kariakoo aliweza kulipia umeme wa nyumba ya wazazi wake Shighatini, huko Ugweno katika wilaya ya Mwanga, kwa dakika moja tu na bila kuinuka kwenye kiti. Lakini tarakimu zile 60 hazikuingia kwenye mita zenyewe. Ilibidi azitume kwa ujumbe wa simu, na mtu aliyekuwa nyumbani asimame ukutani, avae miwani, abonyeze. Kama hapakuwa na mtu nyumbani, fedha ilikuwa imelipwa na nyumba ikabaki kama ilivyokuwa.

Fedha ilifika na amri ilifika. Kilichokosekana ni kidole.

Hivi sasa kuna huduma ambazo wafanyabiashara wanauziwa kwa ahadi ya kuwa kidole hicho. Mwenye duka anaambiwa kwamba akiwa Dar es Salaam, Moshi au Dubai, ataweza kutoa amri kwa simu, na kompyuta iliyoko dukani kwake milimani itafungua programu ya hesabu, itaandika oda, itatoa ankara na kuifunga, bila mtu kuigusa. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Wauzaji wa huduma hizi wanasema siku hizi inaua.

Ni kweli inaua. Swali la biashara ni fimbo hiyo inauzwa kiasi gani, nyoka mwenyewe ana ukubwa gani, na nani atajibu siku fimbo itakapompiga mtoto wa jirani. Kwa duka la kawaida la Shighatini, Mwanga mjini au Same, hesabu bado haijakubali. Kwa kampuni kubwa inaweza kukubali, ila ni kiraka na si nguo mpya. Na kwa mwenye hisa chache katika kampuni kama hiyo, hili ni jambo la kuuliza kwenye mkutano mkuu kabla ya kupigia makofi taarifa ya mwaka.

KAZI YENYEWE

Chukua duka la pembejeo. Tangu msimu wa 2022/23 mbolea ya ruzuku huuzwa kwa mkulima aliyesajiliwa na mwenye namba yake, na muuzaji huingiza mauzo hayo katika mfumo wa serikali. Lakini muuzaji huyo huyo ana vitabu vyake. Mara nyingi vitabu hivyo vimo katika programu ya hesabu iliyowekwa kwenye kompyuta ya mezani miaka mingi iliyopita, programu ambayo haijui lolote kuhusu intaneti na haina mlango wa kupokelea habari kutoka nje. Mlango wake ni mmoja tu: kioo, kibodi na mtu aliyeketi mbele yake.

Kwa hiyo karani anaandika mara mbili. Oda inaingia kwa ujumbe wa simu au kwa barua pepe, naye anaisoma na kuiandika upya kwenye programu ya zamani. Kazi hii haina akili yoyote ndani yake, na ndiyo sababu makosa ni mengi. Mifuko 15 inakuwa 51, na mteja wa Usangi anaandikiwa deni la mteja wa Kisangara.

Hapo ndipo zinapoingia programu za kuiga mkono wa karani. Fundi anaifundisha kompyuta hatua moja moja: fungua hapa, bonyeza pale, andika jina katika nafasi hii, bonyeza Hifadhi. Kompyuta inakumbuka na kurudia. Kampuni ya UiPath, iliyoanzishwa Bucharest, Romania, mwaka 2005, ilijenga utajiri wake juu ya kazi hiyo, na hisa zake zimekuwa zikiuzwa katika soko la New York tangu Aprili 2021. Microsoft nayo iliinunua kampuni ya Softomotive ya Ugiriki mwezi Mei 2020, na Machi 2021 ikatangaza kwamba programu yake ya Power Automate ya kompyuta ya mezani ingepatikana bila malipo ya ziada kwa watumiaji wa Windows 10.

Sehemu ya pili ni amri ya kutoka mbali. Kinachoitwa wingu si kitu cha angani. Ni kompyuta za kampuni kubwa, zilizoko katika majengo maalumu, ambazo mfanyabiashara hukodishiwa kwa mwezi. Microsoft, kwa mfano, ilifungua majengo ya namna hiyo Afrika Kusini mwaka 2019. Katika wingu hilo huwekwa utaratibu: ikifika barua pepe yenye oda, chukua jina, bidhaa na idadi, kisha iamuru kompyuta ya dukani ianze kazi.

Wengi hudhani kwamba wingu hulivamia duka kutoka nje. Sivyo. Kompyuta ya dukani ndiyo inayopiga simu kwenda nje na kuiacha laini wazi, ikingojea kuambiwa. Hiyo ni salama zaidi kuliko kufungua mlango wa duka kwa kila anayepita kwenye intaneti. Lakini maana yake ni kwamba kompyuta ikizimwa, ikilala usingizi au ikikosa mtandao, hakuna wa kupokea amri. Wingu litapiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

NJIA MBILI, BEI MBILI

Amri hiyo ya mbali hufanya kazi kwa njia mbili, na mfanyabiashara asiyezitofautisha ndiye anayeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Njia ya kwanza ni ile ya kompyuta yenye mtu. Karani amekwisha kuingia kwenye akaunti yake, kioo kiko wazi, na programu inafanya kazi huku yeye akiangalia. Akikifunga kioo akaenda kunywa chai, kazi haifanyiki. Njia ya pili ni ile ya kompyuta isiyo na mtu. Hapa mtambo wenyewe unaingia kwenye akaunti kwa neno la siri uliloachiwa, unafanya kazi, kisha unatoka. Katika Windows 10 na 11 njia hii kwa kawaida inataka asiwepo mtu aliyebaki ndani ya akaunti. Karani akifunga kioo tu jioni bila kutoka kwenye akaunti, kazi ya usiku inakwama, na asubuhi mwenye mali anakuta oda zote zimelala pale pale.

Aidha, kompyuta nyingi za bei nafuu huuzwa zikiwa na Windows ya Home. Programu ya Microsoft inaweza kutumika humo kwa mkono, lakini kompyuta ya namna hiyo haipokei amri kutoka wingu. Mnunuzi hugundua hilo baada ya kulipa.

Programu ya bure ni ile inayoanzishwa kwa mkono, pale pale dukani. Amri ya mbali inalipiwa. Bei iliyotangazwa na Microsoft kwa soko la Marekani ni dola 15 kwa mtumiaji mmoja kwa mwezi kwa njia ya kwanza, na dola 150 kwa mwezi kwa mtambo mmoja unaojiendesha kwa njia ya pili. Kwa kukokotoa tu, dola ikichukuliwa kuwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi 37,500 na shilingi 375,000 kwa mwezi.

Sasa hesabu ya duka. Ichukuliwe kwamba karani analipwa shilingi 250,000 kwa mwezi na anafanya kazi siku 26, saa 8 kila siku. Hizo ni saa 208, yaani shilingi 1,200 hivi kwa saa. Ichukuliwe pia kwamba anatumia dakika 40 kila siku kuandika oda upya. Kwa mwezi ni dakika 1,040, ambazo ni saa 17 na dakika 20. Thamani ya kazi hiyo ni shilingi 21,000 hivi.

Kwa hiyo mwenye duka anashauriwa alipe shilingi 37,500 ili aokoe shilingi 21,000, na bado karani lazima awepo, kwa kuwa njia ya kwanza inataka mtu. Hapo hajanunua bando, hajamlipa fundi wa kuifundisha kompyuta, wala hajamlipa tena siku programu itakapobadilishwa na kitufe kikahama mahali pake. Ili ada hiyo ijirudishe, uandishi huo ungepaswa kula dakika 72 za karani kila siku. Njia ya pili ndiyo mbaya zaidi kwa mdogo: shilingi 375,000 kwa mwezi ni mshahara wa karani mmoja na nusu, na karani huyo, tofauti na mtambo, anafagia duka, anamtambua mteja kwa sura na anajua kwamba mtu mwenye shamba la robo eka hawezi kuagiza mifuko 51.

Kwa mfanyabiashara mdogo ipo amri ya mbali ya bei nafuu kuliko zote. Ni kupiga simu na kusema, "Dada, bonyeza ile ya oda." Kompyuta inafanya kazi kwa programu ya bure, dada anaangalia, na kazi imekwisha.

UMEME NA MTANDAO

Wanaoitetea huduma hii husema kwamba simu ya mkononi nayo ilibezwa. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, wapo waliosema mtu wa kijijini hatakabidhi fedha zake kwa simu. Leo huko milimani hakuna anayepanda basi na fedha ya ada ya shule mfukoni kama anaweza kuituma. Hoja hiyo ina uzito, na asiyeizingatia atapitwa na wakati.

Hata hivyo mfano huo una upande wa pili. Fedha za simu zilifanikiwa kwa sababu katika kila kijiji palikuwa na wakala, mtu mwenye droo ya fedha na ufunguo wake. Mtandao ulibeba amri, wakala akatoa noti. Simu iliyoishiwa chaji haikumzuia mteja kupata haki yake kesho yake. Kompyuta ya dukani inayotegemea amri ya mbali haina wakala. Yenyewe ndiyo wakala, na inahitaji umeme, mtandao na programu isiyobadilika, vyote kwa wakati mmoja.

Kumbukumbu za karibuni zinatosha kumfundisha mtu. Tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilizopita chini ya bahari ziliharibika, na intaneti ikasuasua Tanzania na nchi kadhaa za kanda hii. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatika nchini na haikurudi kwa siku kadhaa. Katika siku hizo duka lenye karani na daftari liliuza. Duka lililokwisha kumwondoa karani na kuacha kila kitu kwa wingu lilikuwa na kompyuta nzuri iliyokaa kimya.

Hii si sababu ya kukataa mitambo. Ni sababu ya kutomfukuza mtu wa mwisho anayejua kazi inavyofanywa kwa mkono. Wenyeji wa milima ya Upare wanalijua jambo hili kwa njia ya ndiva. Maji hukusanywa usiku nyuma ya kingo, asubuhi hufunguliwa na kuteremka kwenye mashamba kwa zamu. Mwenye shamba la chini anayategemea maji asiyoyaona, yanayofunguliwa mahali asipokuwepo. Utaratibu huo ulidumu kwa kuwa kulikuwa na mtu anayejulikana wa kufungua, zamu inayojulikana, na mahali pa kupeleka lalamiko siku maji yasipofika. Anayenunua amri ya mbali aulize mambo hayo hayo matatu: nani anafungua, zamu ni ya nani, na lalamiko linapelekwa wapi.

UFUNGUO KWA NANI

Hatari kubwa kuliko kukatika kwa umeme ni kazi iliyofanyika vibaya bila mtu kujua.

Ya kwanza ni kuandika mara mbili. Wingu linatuma amri ya oda ya mifuko 50 ya mbolea. Kompyuta ya dukani inaandika, inahifadhi, na kabla haijarudisha jibu mtandao unakatika. Wingu, kwa kuwa halikupata jibu, linadhani kazi haikufanyika na linatuma tena. Vitabu sasa vinasema mifuko 100 imeuzwa kwa mkopo. Mteja anadaiwa asichokichukua, na ghala linaonekana limepungukiwa. Karani angekumbuka kwamba oda hiyo amekwisha kuiandika. Mtambo haukumbuki kitu ambacho haukuambiwa ukikumbuke. Dawa yake ni rahisi, lakini lazima iwekwe tangu mwanzo: kila oda iwe na namba yake, na hatua ya kwanza ya mtambo iwe kuitafuta namba hiyo katika vitabu kabla ya kuandika chochote.

Ya pili ni neno la siri. Njia ya kompyuta isiyo na mtu inadai mtambo uachiwe neno la siri la kuingilia. Katika maduka mengi akaunti ni moja tu, ile ya mwenye mali, inayofungua kila kitu: mauzo, madeni, mishahara, hata benki. Akaunti hiyo ikikabidhiwa mtambo, ye yote atakayeipata huduma ya wingu ya duka hilo, kwa kuiba simu ya mwenye mali au kwa kumlaghai, ameyapata yote. Mtambo unapaswa kupewa akaunti yake, yenye ruhusa ya kuandika oda tu. Usipewe ruhusa ya kulipa. Tajiri mwenye akili hampi kijana wa kubeba mizigo ufunguo wa sefu kwa sababu tu anabeba haraka.

Ya tatu ni majina ya wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na imeweka masharti juu ya kukusanya taarifa za watu na kuzipeleka nje ya nchi. Duka linalopitisha majina, namba za simu na madeni ya wakulima katika kompyuta zilizoko nchi nyingine limo ndani ya sheria hiyo, hata kama mwenye duka hajawahi kuisikia. "Fundi hakuniambia" si utetezi.

Ya nne ni uchakavu. Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za madukani ni za umri huo. Kompyuta ya zamani inayotumiwa na karani mchana ina hatari yake. Ile ile ikiachwa wazi usiku kucha ikingojea amri kutoka nje, hatari imeongezeka.

Asiyeamini kwamba mtambo unaweza kutii amri kwa uaminifu na kuleta msiba asome habari za Knight Capital ya Marekani. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012 kampuni hiyo ya kununua na kuuza hisa ilianza kutumia programu mpya katika mitambo yake minane. Mmoja ulisahauliwa. Amri mpya ilipofika katika mtambo huo, iliamsha programu ya zamani iliyokuwa imelala humo kwa miaka, nayo ikaanza kununua na kuuza bila kikomo. Katika muda wa dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 400, na haikuweza tena kusimama peke yake. Hakuna aliyeiba. Amri ilikuwa sahihi, mtambo ulitii, na programu iliyojibu haikuwa ile iliyokusudiwa.

MWENYE HISA AULIZE NINI

Kwa kampuni kubwa hesabu inageuka. Ichukuliwe kampuni yenye makarani 12, kila mmoja akitumia saa 3 kwa siku kunakili kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Kwa siku 26 hizo ni saa 936. Kwa shilingi 1,200 kwa saa, kazi hiyo ina thamani ya zaidi ya shilingi milioni 1.1 kwa mwezi. Mtambo mmoja wa shilingi 375,000 ukiweza kuibeba, faida iko wazi, hata akilipwa fundi wa kudumu wa muda mfupi. Makarani nao wapewe kazi ya kufuatilia madeni, ambayo ndiyo inayoleta fedha.

Kwa hiyo mwekezaji asishangae akisikia kwamba kampuni anayoimiliki kidogo inatumia mitambo hiyo. Ashangae kama hakuna anayeweza kumweleza inafanya nini.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lenyewe ni mfano wa njia nyingine. Biashara ilianza tarehe 15 Aprili 1998 kwa hisa za kampuni moja, TOL, na bei zikiandikwa ubaoni. Mwaka 2006 soko lilihamia kwenye mfumo wa kompyuta. Halikuweka mtambo wa kunakili yaliyoandikwa ubaoni. Ubao wenyewe uliondolewa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kubadilisha mfumo na kuuwekea kiraka. Mtambo unaobonyeza programu ya zamani kwa niaba ya wingu hauiondoi programu hiyo. Unairefushia maisha, na gharama ya kuibadilisha inaahirishwa kutoka mwaka huu kwenda mwaka mwingine. Katika vitabu inaonekana kama akiba. Kwa hakika ni deni lisilo na riba iliyoandikwa.

Kiraka si aibu. Mtu mwenye suruali moja hushona kiraka, akaenda kazini. Aibu ni kumwonyesha mwekezaji kiraka na kumwambia ni suti. Pale taarifa ya mwaka inaposema kwamba kampuni imehamia kwenye teknolojia ya kisasa, mwenye hisa ana haki ya kuuliza maswali manne. Je, mifumo ya zamani imeondolewa au imefunikwa? Mitambo inayojiendesha ina ruhusa ya kutoa fedha, na kwa kiwango gani? Nani, kwa cheo chake, anajibu mtambo ukikosea? Na siku intaneti ilipokatika, kazi iliendeleaje?

Maswali hayo hayailengi kampuni yoyote kwa jina. Yanafaa benki, kiwanda, bima na chama cha ushirika. Mkurugenzi mwenye majibu atayatoa kwa dakika tano. Asiye nayo atasema ni mambo ya kitaalamu, na hapo mwenye hisa atakuwa amejibiwa.

USHAURI KWA MWENYE DUKA

Mfanyabiashara wa Shighatini, Same au Mwanga anayeona karani wake akiandika oda mara mbili ana tatizo la kweli na asilipuuze. Aanze kwa kupima: kwa wiki mbili aandike dakika ngapi zinapotea na makosa mangapi yanatokea. Zikiwa pungufu ya dakika 72 kwa siku, amri ya mbali ya kulipia haimfai kwa mshahara na ada zilizokokotolewa hapo juu. Atumie programu ya bure kwa mkono wa karani.

Zikiwa zaidi, aulize kwanza kama programu mpya ya hesabu, yenye mlango wa kupokea oda moja kwa moja, haitamgharimu kidogo kuliko kulipa ada ya kiraka mwaka hadi mwaka. Dola 15 kwa mwezi ni shilingi 450,000 kwa mwaka. Dola 150 ni shilingi milioni 4.5. Kwa fedha hizo kuna mambo mengi ya kununua.

Na akiamua kununua amri ya mbali, aweke masharti kabla ya kutia saini. Kompyuta iwe na UPS na Windows inayokubali kazi hiyo. Mtambo uwe na akaunti yake isiyogusa fedha. Kila oda iwe na namba. Oda inayozidi kiwango alichokiweka mwenye mali isubiri jicho la mtu. Kila jioni karani alinganishe orodha ya wingu na vitabu vya dukani, mstari kwa mstari, na atie sahihi. Mara moja kwa mwezi mtandao uzimwe kwa makusudi na duka liendeshwe kwa mkono nusu siku, ili ijulikane kama bado kuna anayeweza.

Wauzaji wa huduma watasema masharti hayo yanapunguza faida ya mtambo. Ni kweli, na ndiyo bei yake halisi, ambayo haikuandikwa kwenye karatasi ya matangazo.

Mwaka 2024 mzazi wa Shighatini aliyeingiza tarakimu 60 kwenye mita alilalamika kwamba zilikuwa nyingi. Lakini alipobonyeza vibaya, mita ilikataa pale pale, akarudia, na taa ikawaka mbele ya macho yake. Anayemwondoa mtu huyo mbele ya mita ahakikishe kwanza kwamba kuna kitu kingine kitakachojua kuwa taa haikuwaka.